Programu nne kiwandani haziongei, hizi "data zilizounganishwa" zitanisaidia au ni mbwembwe?

Ngosha_wa_Igoma

Wakuu habari za saa hizi. Nipo Mwanza, kiwanda cha minofu ya sangara, kitengo cha IT ambacho ukweli ni mimi na dogo mmoja wa field. Mnivumilie ni ndefu kidogo.

Tuna programu nne. Kuna ya mapokezi, gari la barafu likifika mzigo unapanda mizani kilo zinaingia. Kuna ya maabara, joto la samaki na vipimo na nani kapitisha. Kuna ya stoo ya baridi inayoandika maboksi na makontena. Halafu ya uhasibu, hii ndo inawalipa mawakala wanaotununulia visiwani. Kila moja ilinunuliwa na bosi tofauti mwaka tofauti na hakuna aliyewaza kwamba siku moja zitabidi ziongee. Mapokezi mwalo wa Igombe (mwalo ni pale samaki wanaposhushwa) wanauandika IGOMBE, maabara ni 07, stoo hawana mwalo kabisa wana namba ya gari, uhasibu wana jina la wakala basi. Sasa mnunuzi wa Ulaya akiuliza hili boksi samaki wake walitoka mwalo gani, mimi ndo nakaa na Excel na VLOOKUP mpaka walinzi wananizimia taa, na unakuta kuna Igombe, Igmbe, IGOMBE yenye nafasi tupu mwishoni, na Igombe B ambayo hata aliyeiandika hajui ni wapi.

Nina skripti zangu zinahamisha data kutoka hii kwenda ile, zinafanya kazi mpaka siku programu moja ifanyiwe apdeti. Hao waliotuuzia ya uhasibu wakibadilisha jina la kolamu hawasemi, unajua tu pale mawakala wanapoanza kukupigia simu hawajalipwa.

Bosi katoka semina kaja na hii habari ya data zilizounganishwa, RDF (namna ya kuandika data kama sentensi fupi zenye viungo), viwango vya W3C (shirika la viwango vya wavuti), anasema tunaweza kuunganisha programu zetu zote bila kununua lidude jipya. Nimesoma soma nimeona maduara na mishale mingi tu. Kuna mtu kaitumia kazini kweli kweli, sio kwenye slaidi? Unaanzia wapi? Na ni lazima nihamishe databezi zote? Nina MySQL mbili, SQL Server moja, na hiyo ya uhasibu ipo kwenye seva ya wenyewe siioni.

Halafu bosi huyo huyo neno "wavuti" linamtisha, anadhani bei tunazonunulia zitaonekana na viwanda vya jirani.

---

Kapeto_JR

Achana nayo mkuu. RDF ilipitishwa 1999, ingekuwa dawa ingeshaponya watu. Programu nne ni jozi sita tu za kuunganisha, weka API moja (mlango wa programu kuulizana data) katikati, jedwali moja la mialo, jedwali moja la mawakala, jedwali la magari, kila programu iulize hapo, umemaliza. Hawa watu wa ontolojia (ramani za maana ya data) nawajua, wanakuja na maneno makubwa wanachora utando ukuta mzima, wakiondoka wanakuachia seva inakula RAM ambayo hamna mtu anajua kuiwasha upya.

---

Dada_wa_Ukara

Mwangaluka Ngosha. Nipo Dar na hizi ndo kazi zangu, ila kwetu kisiwani Ukara kwa hiyo unachoongelea nakielewa mpaka harufu yake.

Kapeto jedwali lako la mialo ni sahihi na ukiangalia vizuri umeshaingia kwenye data zilizounganishwa bila kupenda. Shida ni hii, kwenye jedwali lako Igombe itapewa namba, tuseme 7. Saba ya nani? Kwako ni mwalo, maabara 7 inaweza kuwa kipimo, uhasibu 7 ni akaunti. Ikitoka nje ya databezi yako haina maana tena, kila anayeipokea inabidi aandike skripti ya kukumbuka kwamba hii saba ilitoka kwa nani. Sasa badala ya 7 ipe anwani kamili:

https://id.mfano.example/mwalo/igombe

Domeni weka ya kwenu. Hiyo haigongani na kitu kingine chochote popote, na programu yoyote ikikutana nayo inaweza kuifungua ikaambiwa huu ni mwalo, upo Ilemela, latitudo hii longitudo hii, BMU yake (kikundi cha kusimamia mwalo) ni hii. Tim Berners-Lee aliyeanzisha wavuti aliyaandika haya 2006 kwa kanuni nne tu: vitu vipe URI (anwani ya kipekee), ziwe za HTTP ili mtu aweze kuzifungua, zikifunguliwa zitoe taarifa ya maana kwa viwango vinavyojulikana, na ndani ya hiyo taarifa kuwe na linki za kwenda kwenye vitu vingine. Hamna kanuni ya tano inayosema nunua seva kubwa.

Uzuri mwingine anwani ni moja kwa mtu na kwa mashine. Ukiifungua kwa brauza unapata ukurasa wa kusoma, programu ikiomba data (hapa kwa Turtle, namna mojawapo ya kuandika RDF) inapewa data:

curl -H "Accept: text/turtle" https://id.mfano.example/mwalo/igombe

Databezi zako usihamishe hata moja. Kila programu ibaki na vyake, kinachobadilika ni kwamba zikitaja kitu cha pamoja zinataja kwa anwani ile ile. Kwa zile MySQL na SQL Server kuna kiwango cha W3C cha 2012 kinaitwa R2RML, unaandika faili moja linalosema jedwali hili ni mizigo, kolamu hii ni mwalo na ukikuta 07 maana yake ni anwani fulani. Kuna programu huria kama Ontop inasoma hilo faili, ukiuliza swali kwa SPARQL (lugha ya kuuliza data za RDF) yenyewe inaligeuza kuwa SQL inaenda kuuliza databezi papo hapo. Hakuna kinachonakiliwa. Kumbuka tu hiyo njia ni ya kusoma, sio ya kuandika.

Na usitishike na ile RDF ya zamani ya XML yenye mabano kibao. Siku hizi kuna JSON-LD, yaani RDF iliyoandikwa kwa JSON (maandishi ya data ambayo programu nyingi zinayatumia), ilipitishwa 2014 na toleo la 1.1 likaja 2020. Dogo wako wa field anaandika JSON ya kawaida kwa maneno yake, mnaongeza mstari mmoja juu unaoelekeza kwenye faili la muktadha (linaloeleza kila neno lenu lina maana gani), basi. Mzigo wa mapokezi ungekuwa hivi:

{
  "@context": "https://id.mfano.example/muktadha.json",
  "@id": "https://id.mfano.example/mzigo/2417",
  "@type": "Mzigo",
  "mwalo": "https://id.mfano.example/mwalo/igombe",
  "wakala": "https://id.mfano.example/wakala/31",
  "gari": "https://id.mfano.example/gari/12",
  "samaki": "NIP",
  "kilo": 342.5
}

NIP ni msimbo wa herufi tatu wa FAO wa sangara, sato ni TLN. Usibuni wako, hiyo orodha ipo tayari dunia nzima wanaitumia.

Kuhusu bei: mwambie bosi kuunganisha na kuweka wazi ni vitu viwili. Zile nyota tano za kupima data alizoongeza Berners-Lee 2010 ndo zinahusu data wazi za umma, ndo maana watu wanachanganya. Anwani ya mzigo inaweza kukaa nyuma ya HTTPS na nywila kama anwani nyingine yoyote, asiye na ruhusa anapigwa 403 anarudi kwao. Mwalo uwe wazi, bei ifungwe, na bado zinatajana vizuri tu.

---

mzee_wa_seva

Dada kaeleza vizuri, mimi niongezee yale yatakayokuuma kwenye kuendesha maana huko ndo nilipo, Musoma.

Huo mfano wa JSON ni sawa ila uhai wake wote upo kwenye muktadha. Usipoandika kwamba "mwalo" ni anwani, programu itachukulia ile https yote ni maandishi tu kama jina la mtu, mshale wa kwenda Igombe hautakuwepo na hamna atakayepiga kelele, hamna kosa linatokea, ila ukiuliza SPARQL unapata sifuri. Unakaa unatafuta mchawi. Muktadha uwe hivi:

"mwalo": { "@id": "https://id.mfano.example/msamiati#mwalo", "@type": "@id" }

Hiyo "@type": "@id" ndo inayosema hiki ni kiungo. Ya pili ni hiyo 342.5. JSON-LD namba yenye nukta inaigeuza kuwa double, ikitoka upande wa pili unaona 3.425E2. Mhasibu akiona hiyo kwenye karatasi ya malipo hamtaelewana. Kwenye muktadha wa kilo weka aina ya xsd:decimal (desimali ya kawaida) na namba yenyewe iandike ndani ya alama za nukuu, "342.5". Uzito na hela zote fanya hivyo.

Ya tatu, faili la muktadha lipo kwenye seva yako. Umeme ukikatika Igoma au fiba ikichimbwa na watu wa barabara, kila programu inayotaka kusoma JSON hiyo inaenda kugonga mlango hakuna mtu. Kila programu iwe na nakala ya muktadha ndani yake, ule wa mtandaoni uwe wa kurejea tu. Na usiubadilishe kimyakimya, ukitaka kubadilisha toa toleo jipya lenye anwani mpya.

Ya nne na hii naomba uizingatie, usitie ndani ya anwani kitu kinachobadilika. Dada katumia wakala/31 na gari/12, kapatia. Ukiweka jina la wakala au simu yake kwenye anwani, kwanza simu zinabadilika, pili ni taarifa binafsi na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 huwezi kuzianika tu unavyojisikia. Anwani zinaingia kwenye logi, kwenye imeili, kwenye skrinshoti za WhatsApp. Iwe namba butu, jina likae ndani kwa wenye ruhusa. Namba ya usajili wa gari au boti nayo iwe sifa yake. Chombo kinauzwa kinapakwa rangi kinasajiliwa upya, chuma ni kile kile.

Zile Igmbe zako zina dawa. Kuna kiwango kinaitwa SKOS cha 2009, kila kitu kina jina kuu, majina mengine, na kitu kinaitwa hiddenLabel ambacho kazi yake ni kubeba majina yaliyokosewa ili ukitafuta uyapate lakini yasionekane kwenye ripoti. Na ile 07 ya maabara inaingia kama notation (msimbo). Kwa hiyo data zako za zamani huzisafishi, unazifundisha tu zinaelekea wapi. Igombe B waulize wazee wa mapokezi kabla hujaiunganisha na chochote.

Kitu cha kuogopa ni owl:sameAs, ile linki ya kusema vitu viwili ni kitu kimoja. Watu wakiijua wanaipaka kila mahali. Ukisema A sameAs B umesema kila kilichosemwa juu ya A ni kweli kwa B. Ukaunganisha wakala wa uhasibu na mtu wa mapokezi kwa sameAs na kumbe mmoja ni baba mwingine ni mtoto wanatumia jina moja, umeshawalipa kwa kuchanganya. Anza na skos:closeMatch (vinakaribiana tu) mpaka mtu mzima athibitishe kwa macho.

---

karani_mwaloni

Mi sio mtu wa IT, ni karani visiwani, nimeingia hapa kwa sababu ya neno mwalo nikadhani mnaongelea bei 😂 ila nimesoma na nina la kusema.

Hapo mnaandika mzigo una mwalo mmoja. Nyie mnakaa mjini. Boti ya kukusanya inatoka hapa inapita mialo mitatu minne, inanunua kwa mitumbwi kibao, samaki wote wanaingia kwenye barafu moja, tena wengine tunapokezana katikati ya maji. Ikifika Mwanza karani wa kiwandani anaandika mwalo wa mwisho au ule anaoujua yeye. Igombe B mnayoitafuta nakwambia ndo hiyo, maana yake ni mzigo mchanganyiko umeshukia Igombe. Sisi tunaita hivyo hivyo na kwenye daftari ipo.

La pili huku mtandao ni wa kuviziwa. Unapanda juu ya jiwe. Hiyo anwani nitaiomba kwa nani saa kumi na moja alfajiri wakati samaki wanapimwa?

---

Dada_wa_Ukara

Karani Mungu akubariki, umefanya kazi ambayo washauri wanalipwa mamilioni na hawaifanyi.

Ngosha umeona, hapo ndo RDF inapompita Kapeto na jedwali lake. Kwenye jedwali una kolamu moja ya mwalo, ukigundua ni mialo minne inabidi uvunje jedwali na kila skripti inayolisoma. Kwenye RDF taarifa ni sentensi fupi fupi za vitu vitatu, mzigo huu / umetoka / mwalo huu, ukiongeza sentensi ya pili na ya tatu za aina hiyo hiyo hamna kinachovunjika. Kwenye JSON unaweka mabano ya mraba tu:

"mwalo": ["https://id.mfano.example/mwalo/igombe", "https://id.mfano.example/mwalo/kayenze"]

Ila programu zinazosoma ziandikwe zikijua kwamba zinaweza kukuta kimoja au vingi, usije ukamwachia dogo akaandika ya kimoja.

Na ukitaka kuifanya vizuri zaidi usirundike mialo kwenye mzigo, rekodi matukio: ununuzi hapa, ununuzi pale, kuchanganya kwenye boti, kushusha, kupima, kukata minofu, kufunga boksi. Hiyo usiibuni. GS1, hao hao wenye misimbopau, ile 620 ya mwanzo kwenye bidhaa za Tanzania inatoka kwao, wana kiwango kinaitwa EPCIS, toleo la 2.0 la 2022 limeandikwa kwa JSON-LD. Kila tukio linasema kitu gani, lini, wapi, kwa nini, na 2.0 ikaongeza vipimo vya sensa, kwa hiyo joto la samaki la maabara lina mahali pake tayari. Kuna aina ya tukio kwa ajili ya kugeuza kitu kuwa kingine, sangara wazima wanaingia upande mmoja, upande wa pili inatoka minofu na mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) yenye namba mpya. Ukiwa na hiyo swali la mnunuzi unalijibu kwa kurudi nyuma tukio kwa tukio kutoka boksi mpaka mwaloni. Kanuni ya Ulaya namba 178 ya 2002 inadai hatua moja nyuma na moja mbele, we utakuwa umezidi.

---

mzee_wa_seva

Karani swali lako la mtandao ni zuri. Anwani haiombwi kwa mtu. Simu yako yenyewe inatengeneza UUID, ile namba ndefu ya herufi na tarakimu ambayo kugongana na nyingine ni karibu haiwezekani, inaibandika mwisho wa anwani ya kiwanda na tayari mzigo una jina la kudumu hata kama seva haijawahi kuusikia. Ukipanda jiwe lako saa nne data inatumwa. Ikitumwa mara mbili kwa sababu mtandao ulikata katikati haileti mizigo miwili kwa sababu anwani ni ile ile, PUT (amri ya kuandika kwenye anwani fulani) juu ya PUT. Hapo ndo namba za moja mbili tatu zinazotolewa na databezi zinaposhindwa, maana hizo lazima uwe na mawasiliano ndo upewe.

Nyongeza kwa wanaodharau mambo ya kufuatilia mzigo: wazee wa viwanda hapa ziwani wanaukumbuka 1999 Ulaya walipofunga soko la samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu, wakafungiwa wote kwa pamoja, Tanzania, Uganda na Kenya. Ukiweza kuonyesha mzigo huu ni wa mialo hii na siku hii, angalau una hoja ya kusema tatizo la kule lisinifungie mimi wa huku.

---

Kapeto_JR

Haya nakubali kwenye anwani, na ile ya mialo mingi imeniingia. Kwenye seva ya triple (databezi ya hizo sentensi za vitu vitatu) bado nasema hapana. Nimeona mahali wamehamishia kila kitu huko, ripoti iliyokuwa sekunde mbili ikawa unakunywa chai ukirudi bado inazunguka. Na nani Mwanza anajua SPARQL mkimpoteza huyu Ngosha?

Mi ningemshauri abaki na Postgres ya kawaida katikati, atoe JSON-LD mlangoni, mwenye kutaka RDF ataisoma, asiyetaka anasoma JSON kama JSON. Hapo unapata anwani na unaacha maduara.

Na kuandika mnafanyaje? Mmeongelea kusoma tu. Mapokezi wakirekebisha wakala na uhasibu wakamrekebisha huyo huyo dakika ile ile, nani anashinda?

---

Dada_wa_Ukara

Kapeto hiyo Postgres mlangoni JSON-LD nakuunga mkono mia kwa mia, kwa kiwanda kimoja inatosha. Hakuna kiwango kinachokulazimisha databezi gani iwe nyuma. Kama baadaye wakitaka kuuliza maswali yanayopita programu zote nne kwa mara moja watawasha Fuseki (seva ya triple ya huria) pembeni, inaingia hata kwenye kompyuta ya kawaida, wataijaza usiku, wataitumia kwa maswali tu.

Kuandika kuna Linked Data Platform (LDP), W3C waliipitisha Februari 2015. Ni HTTP ile ile, GET PUT POST DELETE, ila wamekubaliana tabia. Kuna makontena, ukitaka kuongeza mzigo mpya una-POST kwenye kontena ya mizigo, seva inakujibu anwani ya ulichotengeneza. Na kwa ugomvi wako wa wawili kurekebisha pamoja, kila unachosoma kinakuja na ETag, alama ya toleo ulilolisoma. Ukirudisha marekebisho unatuma na If-Match yenye alama hiyo, kama mwenzako kashabadilisha unapigwa 412 unaambiwa soma upya kwanza. Hamna anayemfuta mwenzake gizani. Hata usipoichukua LDP yote, hiyo ya ETag chukua.

Ukitaka kuona watu walioifanya hii ya kuunganisha programu kwa dhati angalia OSLC (viwango vya kuunganisha programu za wahandisi). Ilianza 2008 IBM wakiwa mbele, 2013 ikahamia OASIS (shirika jingine la viwango). Shida yao ilikuwa kama ya Ngosha ila kwa wahandisi: programu moja ina mahitaji ya mradi, nyingine ina orodha ya hitilafu, nyingine ina majaribio, kila moja ya kampuni yake, na kila mtu alikuwa ananakili data kwenda kwa mwenzake zinapishana. Wakaamua data ikae inapozaliwa, programu zishikane kwa linki. Kitu chao ninachokipenda zaidi ni kidirisha cha kuazima. Mhasibu anataka kuchagua mzigo wa kulipia, badala ya wewe kuhamishia orodha ya mizigo kwenye uhasibu, programu ya uhasibu inafungua kidirisha kinachotoka kwenye programu ya mapokezi yenyewe, mhasibu anatafuta anabofya, kinachorudi uhasibu ni anwani ya mzigo na jina lake tu. Unakuwa hujanakili chochote. Bila shaka inahitaji wenye programu wakubali kuweka mlango huo, na hapo ndo penye kazi.

---

Ngosha_wa_Igoma

Wakuu asanteni sana aisee, nimechapisha huu uzi nimeenda nao kwa bosi. Habari ya bei kufichwa na mwalo kuwa wazi ndo iliyomlainisha, hayo mengine hakuyajali.

Tumekubaliana hivi, tunaanza na mialo, mawakala na magari tu, basi, Postgres katikati kama ya Kapeto na JSON-LD mlangoni. Domeni ninasajili kwa jina la kiwanda sio langu wala la dogo, na nimewaambia watu wa fedha iingie kwenye bajeti ya kila mwaka pamoja na leseni ya biashara ili isije ikaisha muda siku nimehama. Mapokezi, maabara na stoo databezi zao nazifikia kwa hiyo nitaandika R2RML mwenyewe. Karani nitakutafuta inboksi, nataka daftari lenu niangalie mnavyoandika mchanganyiko kabla sijapanga matukio.

Imebaki uhasibu. Nimewapigia simu, wanasema kutoa data nje ni "huduma ya ziada" na bei waliyonitajia sithubutu kumpelekea bosi. Hawana API, kuna kitufe cha kutoa Excel tu na hiyo Excel haina namba ya wakala ina jina. Nafanyaje?

---

mzee_wa_seva

Excel ya majina kwa sasa chukua hivyo hivyo, majina ingiza kwenye hiddenLabel za mawakala uoanishe kwa mkono mara moja, baada ya hapo ni wakala mpya tu anayekusumbua. Majina yanayogongana yaache yasubiri mtu, usiyaoanishe kwa skripti.

Halafu angalia kwenye skrini yao ya kumsajili wakala kama kuna sehemu ya maandishi haitumiki, "kumbukumbu" au "maelezo" au chochote. Programu nyingi wanaiacha. Mwambie mhasibu abandike anwani ya wakala pale, na mara nyingi sehemu hiyo inatoka kwenye Excel. Ikitoka umeshapata kiungo chako bila kuwalipa hata mia.

---

Kapeto_JR

Na mkataba usome tena kipengele cha data ni za nani. Kama hausemi kitu usigombane nao sasa hivi, subiri walete ankara ya mwaka. Kabla haijalipwa ndo unaongelea API, hapo huwa wanasikia vizuri.